Wazazi na Chekechea Wakati wa Mpunga



Kila mwaka mwezi wa Januari mambo mawili huanza pamoja katika bonde letu la Kilombero. La kwanza ni shule. Milango ya chekechea hufunguliwa, na watoto wadogo huletwa, wengine wakicheka, wengine wakilia na kushika nguo za mama zao. La pili ni kazi ya mpunga. Mvua zimekuja, ardhi imelainika, na watu wa Ifakara, wa Idete, wa Mngeta, hata wa Mlimba, hushika majembe au hutafuta trekta, wakaelekea mashambani. Nayo mashamba hayo hayako nyuma ya nyumba. Mengi yako mbali, chini katika nchi tambarare ya mto, na mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Kwa hiyo watu hujenga dungu huko huko, wakakaa majuma mengi, na wengine miezi, wakilima, wakipalilia, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe, hata mpunga uvunwe.

Basi tazameni: mtoto aandikwa chekechea Januari, na mzazi aondoka Januari hiyo hiyo. Mavuno huanza mwezi wa Mei, na kwa wengine hufika Julai. Mzazi arudipo na magunia yake, nusu ya mwaka wa shule imekwisha pita. Mwalimu hajui uso wake, naye hajui jina la mwalimu. Mtoto ameimba nyimbo ambazo nyumbani hakuna aliyezisikia. Au pengine mtoto hakuimba kitu, maana alichukuliwa akaenda dunguni pamoja na wazazi, na mahali pake darasani pamekaa wazi tangu juma la pili.

Twajua ya kuwa wengi husema, “Wazazi wa siku hizi hawajali.” Somo la mwezi huu lataka kuonyesha ya kuwa neno hili mara nyingi si kweli, na tena halisaidii. Neno tulilolijifunza ni hili: mzazi hufungamana na chekechea kwa kazi aliyopewa humo, wala si kwa mchango aliodaiwa. Tulifikiri pamoja, wazee wa kanisa, wainjilisti, walimu na wazazi.

1. Kwa nini mzazi atakiwa

Mtoto wa miaka minne au mitano hukaa na mwalimu saa chache za asubuhi. Saa zote nyingine yuko nyumbani. Neno alilolisikia darasani, kama halisemwi tena jioni, hufifia upesi kama alama ya kidole mchangani. Lakini kama mama amwambia, “Nihesabie mayai haya,” au baba amwuliza, “Leo mmecheza nini?” neno lile hupata mizizi.

Tena mwalimu hawezi kujua kila kitu. Mtoto akikaa kimya pembeni, mwalimu hajui kama ni mgonjwa, au hakulala, au hakula, au amempoteza babu yake juzi. Mzazi ajua. Pengine mtoto hasemi kwa sababu nyumbani husemwa Kipogoro, au Kindamba, au Kisukuma, naye Kiswahili cha darasani chamwia kigeni. Bibi yake angeweza kulieleza jambo hilo kwa maneno mawili, lakini hakuna aliyemwuliza.

Hata mzazi naye hupata faida. Aonaye mtoto wake akipanga vijiti kumi kwa kumi hujua ya kuwa mchezo ni kazi ya mtoto. Hataona tena kwamba chekechea ni mahali pa kuwafungia watoto ili watu wazima wapate nafasi.

2. Chekechea ilianza kwa sababu gani

Shida hii si ya bonde letu peke yake, wala si mpya. Mwaka 1767 mchungaji Mlutheri, jina lake Johann Friedrich Oberlin, alikwenda kutumika Waldersbach, katika nchi ya milima ya Alsace, Ufaransa. Watu wake walikuwa wakulima maskini. Walipokwenda kazini, watoto wao wadogo walibaki bila mtu wa kuwaangalia. Kijana mmoja mwanamke, Sara Banzet, alianza kuwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Mchungaji hakumkataza, bali aliitegemeza kazi yake na kuieneza katika vijiji. Mwenzake, Louise Scheppler, aliendelea na utumishi huo miaka mingi. Watoto walifuma, waliimba, walisikiliza hadithi, walijifunza majina ya mimea ya nchi yao. Basi shule zile za watoto wadogo zilizaliwa kwa sababu wazazi walikuwa shambani, kama wazazi wetu walivyo.

Baadaye, katika Ujerumani, akatokea mwalimu Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji Mlutheri. Mwaka 1837 alianza kazi yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Jina hilo limeenea duniani kote. Lakini wengi hawajui ya kuwa mtu huyu hakuwafikiria walimu tu. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama, ili mama acheze na mtoto wake nyumbani. Aliona ya kuwa bustani isiyo na mama ndani yake ni bustani isiyonyweshewa maji.

Nasi Walutheri tunao mfano wa karibu zaidi. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiweka mikononi mwa mkuu wa nyumba, apate kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mchungaji na mwalimu walikuwa wasaidizi. Nayo sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati yawapa wazazi kazi ya kuwafundisha watoto nyumbani na safarini, jioni na asubuhi. Basi safari ya dunguni nayo imo.

3. Kosa letu sisi

Haifai kuwalaumu wazazi kabla ya kujichunguza. Katika usharika mmoja tuliotumika, tuliwaita wazazi wa chekechea mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza tulinena habari ya fedha ya uji. Mara ya pili tulinena habari ya bati la paa. Mara ya tatu walikuja watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa bibi mzee aliyeachiwa wajukuu watatu. Mkutano ulipovunjika tulimfuata.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu.”

“Bibi, mbona wazazi hawaji?”

Akatutazama, akasema, “Wanangu, mkipiga kengele, sisi twajua ya kuwa mkono umenyoshwa. Asiye na kitu hujificha. Mimi nimekuja kwa sababu sina pa kujificha. Nyumba yangu yaelekeana na kanisa.”

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Naye akaongeza, “Tena hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza, bibi, wewe wajua nini?”

Basi tulimwuliza. Alijua kusuka mikeka ya ukindu, na alijua hadithi nyingi za sungura na fisi. Tukamwomba aje siku ya Jumatano, aketi chini ya mwembe pamoja na watoto. Akaja. Watoto walikaa kimya kuliko walivyokaa mbele yetu. Walishika ukindu, walihesabu miali, walijua rangi. Jumatano ya pili akaja bibi mwingine, ambaye hakuitwa na mtu. Alisema amesikia ya kuwa hadithi ya fisi imesimuliwa vibaya, naye amekuja kuisahihisha. Jumatano ya tatu mkwe wake alikuja kumtazama. Hivyo mlango ulifunguka, nasi hatukuwa tumetaja fedha hata mara moja.

Tulitambua kosa letu. Mzazi aitwaye kwa ajili ya mchango peke yake hujifunza kujificha. Mzazi aitwaye kwa kile anachokijua hurudi, na siku ya mchango ifikapo, husikiliza, maana sasa nyumba ile ni yake.

4. Mifano miwili ya mahali pengine

Mfano wa kwanza watoka kwa majirani zetu Waislamu wa pwani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa waliona ya kuwa watoto wao wachelewa katika shule za msingi, wakaomba msaada kwa Shirika la Aga Khan. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa mmoja wa walioianza kazi ile, na chekechea ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Hawakuanza kwa kuwajengea watu shule na kuwakabidhi ufunguo. Waliwaendea watu wa mtaa, wakafanya nao mashauri. Watu wakachagua kamati yao, wakatoa mahali, na wanawake wa mtaa ule ule wakafundishwa kuwa walimu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vilivyopatikana karibu. Kwa hiyo wazazi waliijua shule kama mtu ajuavyo nyumba aliyoikandika udongo kwa mikono yake.

Mfano wa pili watoka mbali, nchi ya New Zealand. Mwaka 1941, wakati wa vita, baba wengi walikuwa wamekwenda vitani, na mama walibaki peke yao na watoto. Katika mji wa Wellington mama hao walifanya vikundi vya michezo ya watoto, nao wenyewe wakashika zamu za kuwaangalia watoto na wakajifunza namna ya kuwalea. Vikundi hivyo viko hata leo, na wazazi ndio wanaoviendesha. Nao walikuwa na kazi nyingi na msaada mdogo, kama wetu. Walishika zamu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, kisha wakaona ya kuwa zamu ile imewafaa wenyewe.

5. Njia tano za kujaribu katika sharika zetu

Njia ya kwanza: mkutano uje kabla ya jembe. Tusingoje Februari, wakati vijiji vimekuwa vitupu. Tuwaite wazazi mwezi wa Novemba, wakati watu wangali karibu. Siku hiyo mwalimu awe na daftari, amwulize kila mzazi maneno matatu: Wakati wa mpunga utakuwa wapi? Mtoto atabaki na nani, au atakwenda nawe? Utarudi lini? Yule atakayebaki na mtoto, awe bibi, babu, shangazi au mama mkubwa, aandikwe jina lake, aletwe, ajulikane. Kwa muda ule yeye ndiye mzazi, naye aheshimiwe hivyo. Lakini mtoto asiachwe mikononi mwa dada yake wa miaka kumi au kumi na miwili, maana dada huyo naye ni mwanafunzi, na kumpa mzigo wa mama ni kuwapoteza watoto wawili kwa mara moja.

Njia ya pili: kila mzazi alete kazi ya mikono yake. Seremala alete vipande vya mbao vilivyolainishwa. Mvuvi wa Kindamba aweza kuchonga mtumbwi mdogo wa kuchezea. Mfinyanzi alete udongo. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga aruhusu watoto waje kuitazama siku moja, wakiwa wameshikwa mikono. Wengine walete ungo mdogo, kibaba, kamba ya kuruka, mpira wa matambara, mabua, makopo yasiyo na ncha kali. Mwalimu achague kwa busara: mbegu ndogo sana zisiwekwe mbele ya walio wadogo, maana huzimeza au huzitia puani, wala kopo lililokuwa na dawa ya shamba lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara saba.

Njia ya tatu: zamu. Kila siku mzazi mmoja akae chekechea kwa asubuhi moja. Walio mjini wakati wa mpunga washike zamu za miezi hiyo. Walio dunguni washike zao baada ya mavuno. Hivyo hakuna aonewaye. Lakini angalieni, mzazi asiachwe ameketi kwenye kiti kama mgeni arusini. Apewe kazi iliyo wazi: kunawisha watoto mikono, kugawa uji, kuimba wimbo mmoja anaoujua, kukaa na watoto watatu wanaopanga vijiti. Asiyejua kusoma asipewe kitabu mbele ya watu. Ana mengine mengi anayoyajua, nasi tukimwaibisha mara moja hatutamwona tena.

Baba nao waitwe kwa majina yao. Wengi hudhani kazi hii ni ya mama. Lakini mtoto amwonaye baba yake akiketi chini kumwumbia ng'ombe wa udongo hasahau siku ile. Walio na mashamba ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, siku hizi hawangoji kivuko. Daraja la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018, na mtu mwenye baiskeli au nauli ya bodaboda aweza kuja siku ya zamu yake na kurudi.

Njia ya nne: chekechea ifuate dungu. Wako watoto ambao hawana mtu wa kubaki naye. Hao watakwenda shambani, na maonyo yetu hayatawazuia. Basi tusiwafute katika daftari. Kabla ya kuondoka, mwalimu ampe mzazi furushi dogo la maneno, asihitaji karatasi: wimbo mmoja, hadithi moja, na michezo mitatu. Mtoto ahesabu punje za mpunga kumi kumi. Apime maji kwa kikombe, aseme chombo kipi chajaa upesi. Ataje ndege aliowafukuza leo, rangi zao na sauti zao. Achore herufi ya jina lake kwa kijiti kwenye tope. Mama aweza kufanya haya yote huku akiamia ndege, bila kuacha kazi yake.

Na mahali penye madungu manne au matano yaliyo karibu, watu wakubaliane: kila siku mtu mzima mmoja awakusanye watoto kivulini kwa saa moja, wacheze na kuimba. Hicho ni kikundi cha michezo kamili, ingawa hakina paa wala bao jeusi. Tena ni ulinzi. Wakati watu wazima wanapoinama kazini, mtoto peke yake huenda mtoni, na wote wajua ya kuwa mto wetu una mamba na viboko. Chandarua nacho kisisahauliwe nyumbani, kwa kuwa mbu wa mashamba ya mpunga hawana huruma, na homa ya malaria humrudisha mtoto nyuma kuliko kukosa darasa. Mwalimu naye, kwa kuwa simu sasa zafika mahali pengi, apige simu mara moja kwa majuma mawili, aulize hali, amsalimu mtoto kwa jina lake. Salamu hiyo fupi hushona vizuri kuliko uzi mrefu.

Njia ya tano: siku ya mavuno. Mwezi wa Julai, watu wakiisha kurudi, pawe na siku ya wazazi. Watoto waonyeshe kazi zao. Wazazi wacheze michezo ile ile, mama na baba wakiruka kamba, maana watoto hufurahi kupita kiasi wakiona hivyo. Watoto waliokuwa dunguni wasimulie waliyoyaona, wapate kujua ya kuwa nao walikuwa wakijifunza. Siku hiyo hesabu ya fedha ya uji isomwe wazi, kiasi gani kiliingia na kiasi gani kilitumika. Lakini siku hiyo mchango usiombwe. Mzazi aende nyumbani akiwa na furaha bila deni. Mchango utaombwa siku nyingine, na mtaona tofauti.

6. Neno kwa walimu

Mwalimu mpendwa, mlangoni pa chekechea pana dakika mbili kila asubuhi zenye thamani kuliko mkutano wa saa mbili. Mzazi aletapo mtoto, mwambie kwanza jambo jema moja: “Jana mtoto wako alimgawia mwenzake mpira.” Neno la kasoro lije baadaye, tena faraghani. Kama kila mara uonapo mama wa mtoto unamwambia, “Huyu mtoto ni mtundu,” mama huyo atampitisha mtoto wake dirishani kuliko kuonana nawe.

Tena uwatembelee nyumbani. Usiende kuchunguza sufuria, nenda kusalimu. Uketi, unywe maji uliyopewa, uulize mtoto hupenda nini. Mzazi aliyekukaribisha kwake haoni haya kuja kwako.

7. Maneno yasemwayo na watu, na majibu yake

Wako wasemao, “Serikali imeondoa ada, basi shule ni yao, si yetu.” Ni kweli ya kuwa tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 elimu ya awali imo katika mpango wa elimu wa nchi, na ya kuwa mwaka 2016 ulianza mpango wa elimu bila ada katika shule za Serikali, tangu darasa la awali hata kidato cha nne. Lakini ada ikiondolewa, ubaba na umama haukuondolewa. Serikali yenyewe, ilipozindua mwezi wa Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilitaja mambo matano ambayo mtoto wa chini ya miaka minane ayahitaji: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Katika hayo matano hakuna hata moja liwezalo kutimia kama nyumba imelala.

Wako wasemao, “Mimi sikusoma, nitasaidia nini?” Huyo tumwonyeshe bibi yetu wa ukindu. Mtoto wa miaka mitano hahitaji mtu wa vyeti. Ahitaji mtu wa kumjibu aulizapo.

Na wako wasemao, “Mpunga haungoji, tutakula nini?” Neno hili ni zito, wala hatutalidharau. Mpunga ndio nguo, ndio dawa, ndio bati la nyumba. Hatumwambii mtu aache shamba. Twamwambia hivi tu: shambani twaenda kwa ajili ya mtoto, basi tusimsahau mtoto kwa ajili ya shamba. Kwa hiyo twaomba kanisa liipange chekechea kwa kuifuata kalenda ya mkulima, na mkulima aifuate chekechea kwa saa chache alizoahidi.

8. Maswali ya kujadiliana

Mwinjilisti asome maswali haya katika mkutano wa usharika, moja moja, akiwapa watu nafasi ya kujibu. Asijibu yeye kwanza.

Katika chekechea yetu, mara ya mwisho wazazi walipoitwa, waliitwa kwa jambo gani?

Ni watoto wangapi walioandikwa Januari ambao hawakuonekana Machi? Majina yao ni nani, na wako wapi?

Mtoto abakiye na bibi, je, bibi huyo ajulikana na mwalimu? Ameitwa mara ngapi?

Taja watu watano wa mtaa huu wenye ujuzi ambao watoto wangefurahi kuuona. Nani atakwenda kuwaomba juma hili?

Watu wenye madungu ya jirani, je, waweza kupatana juu ya saa moja ya watoto kila siku? Nani atakuwa wa kwanza?

Siku gani katika mwezi wa Novemba yafaa kwa mkutano wa kwanza?

Ndugu zetu, mpunga husamehe makosa mengi. Aliyechelewa kupanda mwaka huu aweza kuwahi mwaka ujao. Lakini mtoto hawi wa miaka mitano mara mbili. Akifika darasa la kwanza hali hajazoea kuuliza, wala kuhesabu, wala kukaa na wenzake, twaanza kumtafuta njiani wakati wenzake wamekwisha vuka mto. Basi kabla ya mvua za mwaka huu, kila usharika wenye chekechea uchague siku yake, upige kengele, na mara hii mkono usinyoshwe. Tuwaulize wazazi lile swali alilolingojea bibi yule: ninyi mwajua nini, na mtoto wenu apenda nini?